Ubao wa Nne

Mama alinipigia simu saa ya mapumziko, nikiwa ofisini na rundo la madaftari ya kidato cha sita, akaniambia anataka kuuza kinyungu. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kunieleza kwamba kuku wake amehamia kwa jirani. Kinyungu ni bustani ya bondeni, pale maji yanapokaa hata kiangazi, na kwetu Ilula mwenye kinyungu hahesabiwi maskini hata kama viatu vyake vimetoboka. Cha mama alirithi kwa bibi. Nyanya za pale zilinisomesha mimi, zikaezeka nyumba bati, zikamzika baba bila kukopa sanduku. Nikamwuliza anauza kwa nini. Akasema udongo umechoka.

Mimi sina simile, na sijawahi kujisifu kwamba ninayo. Nikamwambia, mama, udongo hausingiziwi hivyo. Tenga la nyanya leo linauzwa kwa bei ambayo bibi angesikia angedhani tunamtania. Bei hiyo haishuki tena, na wewe kila nikija nakuta huna kitu. Sasa pesa inakwenda wapi? Nami nikianza huwa siachi: nikataja mbolea ambayo nilihisi hainunui, nikataja michango ya jumuiya na misiba isiyokwisha, nikamtaja na kaka yangu, nikasema wazi kwamba naona anamkamua. Mwisho nikamwambia asiuze hata tuta moja mpaka shule ifungwe, nije nimpigie hesabu mwenyewe. Akaniambia niwasalimie wajukuu, akakata simu.

Nieleze nilikuwa nani wakati ule, maana bila hivyo ubishi wangu hauwezi kueleweka. Nafundisha uchumi hapa Mbeya, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Somo la mfumuko wa bei nalifundisha nikiwa nimefumba macho. Nachora ubaoni mistari miwili inayokatana, nawaambia wanafunzi: pesa zikiwa nyingi mtaani na bidhaa chache, bei inapanda, gharama za mzalishaji zikipanda, bei inapanda. Dawa yake nayo naijua. Wakubwa wa fedha wanapandisha riba, watu wanakopa kidogo, wanatumia kidogo, bei inatulia. Na pale soko linapowaonea wanyonge, serikali au jamii inaweza kuweka bei elekezi. Nilifundisha hivyo kwa miaka, wanafunzi wakafaulu, baadhi yao sasa wako benki na wananipita na magari yao wakinipungia mkono.

Nje ya darasa nilijiona mjanja zaidi. Sokoni sikuwahi kununua nyanya kwa kisado cha mwuzaji. Kisado ni ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne ambayo nusu ya nchi hii inapimia chakula, na kila mama wa Mbeya anajua kwamba vya sokoni vimepashwa moto kitako kikasukumwa ndani, ukidhani umenunua kisado kumbe umenunua robo tatu. Kwa hiyo naenda na ndoo yangu mkononi. Wauzaji wananiita mama ndoo. Wakiniona tu wanaanza kucheka, "Mama ndoo kaja, leo hatuli," nami nacheka nao huku nimekaza macho kwenye mkono unaopima. Nilikuwa najisikia vizuri sana kuwa mtu asiyepigika changa la macho.

Sasa hiyo bei ya nyanya. Misimu mitatu nyuma kabla ya simu ile ya mama, kamati ya soko la Ilula iliniita. Nyanya zilikuwa zinayumba vibaya: leo tenga bei ya juu, keshokutwa zinamwagwa barabarani. Wakulima walilia, wanunuzi walilia, na wa mjini kwenye sufuria walilia kuliko wote. Wakasema kuna binti wa hapa, msomi wa mambo haya haya, aje atusaidie. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha. Nilipanda basi Ijumaa baada ya vipindi, tukapita Chimala watu wananunua mchele madirishani, mimi nimefungua daftari mapajani naandika hotuba. Mama alikuwa ameniandalia kitanda, na alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe ndiye anayekuja kuongea.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la soko. Mbele walikaa wanunuzi wakubwa, na kati yao yule tunayemwita tajiri, mwenye malori mawili, anayebeba nyanya za bonde letu miaka nenda rudi. Wakulima walijaa kwenye mabenchi, mama kati yao, kitenge kipya. Nyuma yangu alikaa kaka yangu. Yeye ni fundi seremala, na kazi yake kubwa ni hayo matenga ya mbao ya kupakilia nyanya. Ana banda kando ya barabara kuu, na sehemu kubwa ya matenga yanayotoka Ilula yamepigiliwa na mkono wake. Asubuhi ile alileta tenga moja jipya likawekwa mezani mbele ya watu, ili kila mtu aone tunazungumzia nini.

Nikapewa maikrofoni. Nikasema tatizo ni bei kuyumba, na dawa ni bei moja: tenga moja, bei moja, msimu mzima. Mnunuzi hatashuka chini yake hata nyanya zikifurika, mkulima hatapanda juu yake hata zikiadimika. Mkulima atajua atapata nini, mjini watajua watalipa nini. Nilikuwa nalipigapiga tenga lile kwa kiganja nikisema "tenga moja, bei moja," watu wakaanza kuitikia. Tajiri alisimama akaniunga mkono, akasema kwa kweli elimu ni kitu kikubwa. Wakapiga kura kwa mikono. Mama alinyanyua wa kwake nikamwona. Kijiji kizima kilikubali, na bei ikaandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Nilirudi Mbeya nikawa nawasimulia wanafunzi. Nilifanya kuwa mfano wa darasani: hivi ndivyo jamii inavyoweza kudhibiti mfumuko bila kumsubiri mtu wa mbali. Niliwatungia na swali la mtihani. Tenga moja la nyanya linatoa visado kumi na mbili. Ikiwa mkulima anauza kwa bei kadhaa, na mlaji wa mjini ananunua kisado kwa bei kadhaa, jadili. Hiyo kumi na mbili sikuitoa kitabuni. Niliipima mwenyewe nikiwa msichana, mimi na mama, likizo baada ya likizo, tukijaza matenga kinyunguni kwa ndoo ya rangi. Ilikuwa kumi na mbili kila mara. Ukizidisha ya kumi na tatu nyanya zinaporomoka.

Nilichokuwa nasikia kutoka nyumbani baada ya hapo kilikuwa kimoja tu: udongo umechoka. Mama alisema, majirani wakasema. Zamani kinyungu cha mama kilikuwa kinajaza matenga thelathini kwa msimu mzuri. Kikashuka hadi ishirini na tano, ishirini na mbili, na msimu uliopita kumi na tisa. Bwana shamba alipita akasema watie mbolea zaidi. Watu wakatia mbolea, wengine wakabadilisha mbegu, kuna waliokwenda hadi Kilolo kutafuta samadi. Matenga yakazidi kupungua. Mimi nilikuwa na jibu langu mwenyewe, kwamba wazee hawafuati ushauri, na jibu hilo ndilo nililomrushia mama kwenye simu.

Pamoja na maneno yote yale, mama alinitumia tenga la nyanya. Binti yangu alikuwa anapata kipaimara, na bibi hawezi kukaa kimya mjukuu akipata kipaimara. Alilipakia kwenye basi, nikalipokea stendi kwa msaada wa watu wawili wenye bajaji. Walilalamika njia nzima kuhusu uzito. Nyumbani nilikaa uani na majirani zangu wawili waliokuja kusaidia kupika, tukaanza kuzipanga: za pilau, za kachumbari, na nyingine za kugawa. Nikachukua ndoo yangu ile ile ya sokoni nikawa napima, maana nilishaahidi visado viwili kwa kila jirani.

Nilipofika kumi na mbili nikaangalia ndani ya tenga. Nikaendelea. Kumi na tano, bado. Majirani wakasema mama yako anakupenda, kakujazia. Nami niliamini hivyo, roho ikaniuma kwa jinsi nilivyomfokea. Ilipoishia ilikuwa kumi na tisa na nyanya chache za kutafuna. Nikampigia simu hapo hapo, mikono ina majimaji ya nyanya, kumshukuru kwa kunizidishia.

"Sijazidisha kitu, mwanangu," akasema. "Hilo ni tenga la kawaida."

Nilikata simu nikakaa pale uani. Wenzangu walikuwa wanaendelea kuongea, sikuwa nasikia. Nikachukua kijiti nikaandika chini kwenye vumbi, mwalimu mzima wa uchumi. Matenga thelathini ya visado kumi na mbili: mia tatu na sitini. Matenga kumi na tisa ya visado kumi na tisa: mia tatu sitini na moja. Nikafuta nikarudia. Udongo haukuchoka hata kwa ndoo moja. Mama yangu alikuwa anavuna kile kile alichovuna siku zote, anamwagilia kwa mikono ile ile, na kila msimu anahesabiwa kidogo. Bei iliyoandikwa ukutani haikusogea, kama nilivyotaka. Kilichokuwa kinasogea ni tenga.

Nikainuka nikalitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Tenga la utoto wangu lilikuwa na mbao tatu kila upande. Hili lilikuwa na nne. Ule wa nne ulikuwa mpana, umepigwa juu kwa misumari iliyozama sawasawa, kichwa cha msumari hakikwaruzi kidole. Kwa kazi safi hivyo, hakuna mwingine Ilula. Ni mkono wa kaka yangu.

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo. Niliimaliza sherehe ya mwanangu nikicheka na wageni kwa meno tu. Tulinyonya ziwa moja na yule mtu. Aliketi nyuma yangu mkutanoni, akanisikia nikiwaapia wazee wa kijiji chetu kwamba bei moja itawaokoa, akatoka pale akarudi bandani kwake kuchukua kipimo. Amenizunguka. Nilisema neno hilo peke yangu jikoni mara sijui ngapi.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda basi la alfajiri. Nilishuka moja kwa moja bandani kwake, mkoba begani, kabla hata ya kumsalimia mama. Alikuwa anapigilia. Matenga mapya yalikuwa yamepangwa nyuma yake hadi kugusa bati.

"Shikamoo, kaka," nikasema, maana hasira ni hasira na mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba. Mbona ghafla?"

Sikumjibu. Nikashika tenga la karibu nikahesabu mbao kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, nikamtazama. Aliweka nyundo chini. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana angejifanya haelewi ningemtukana.

Akanieleza huku amekaa juu ya gogo. Zamani tenga lilikuwa la mbao tatu na juu yake nyanya zinapandishwa kilima, zinafunikwa majani, zinafungwa kamba. Ikaja amri kwamba rumbesa marufuku, mzigo usizidi mdomo wa chombo, mkulima anaibiwa. Kila mtu alishangilia. Wiki ile ile tajiri akaja bandani akasema: kilima kimekatazwa juu, basi nishushie ndani. Kaka akaongeza ubao wa nne, mwembamba, inchi mbili. Kisheria mzigo hauzidi mdomo. Mdomo ndio uliopanda.

"Na baada ya mkutano wangu?"

"Mwaka wa kwanza wa bei yako, ule mwembamba nikaubadilisha na wa inchi nne. Msimu uliopita, wa inchi sita."

Alisema "bei yako" bila ubaya wowote, na ilinikata vibaya zaidi kwa sababu hiyo. Nikamwambia tajiri ni mwizi na yeye ni mwizi mwenzake. Akatikisa kichwa taratibu. Akaniambia nihesabu naye, mimi si ndiye wa hesabu. Ushuru wa mazao pale kizuizini unatozwa kwa tenga. Mpakiaji analipwa kwa tenga. Mwenye lori anatoza kwa tenga. Dalali wa mjini anachukua chake kwa tenga. Dizeli imepanda, na bei ya kununulia wewe umeifunga ukutani, haiwezi kushuka wala kupanda. Sasa mtu mwenye akili zake atafanya nini? Atatafuta tenga kubwa, apate nyanya nyingi zaidi kwa ushuru ule ule, kwa mpakiaji yule yule, kwa bei ile ile.

"Angekuwa si huyu angekuwa mwingine," akasema. "Na fundi angekuwa si mimi angekuwa mwingine. Wako watatu hapo mbele wanasubiri nikatae."

Nilikaa. Yaani mtu aliyeishia darasa la saba ananifundisha mfumuko wa bei, na anafundisha vizuri kuliko mimi. Miaka yote ile nimekuwa nikiwaambia watoto wa watu kwamba bei inapanda kwa sababu pesa zimezidi mtaani. Pesa gani zimezidi kwa mama yangu? Pandisha riba mpaka mawinguni, ubao wa tenga la Ilula hautapungua hata upana wa kucha. Funga bei, utakuwa umefunga dirisha moja na kuacha mlango wazi. Kila dawa tuliyompa mkulima, ya kukataza kilima, ya kutoza ushuru kwa tenga kwa kuwa ni rahisi kuhesabu, na hiyo yangu ya bei moja, ilimwongezea ubao. Na wakubwa wakija kuuliza, wataambiwa ukweli mtupu kwamba bei ya nyanya Ilula imetulia. Mjini kisado kinapanda, wataambiwa ni watu wa mjini wana pesa nyingi.

"Ungesema siku ile," nikamwambia. "Ulikuwa nyuma yangu. Ungenigusa hata bega."

"Ningesema nini? Tajiri amekaa mbele, ndiye anayeniletea oda. Mama yuko pale anakuangalia kama vile unabatizwa. Na wewe unalipiga tenga langu kama ngoma." Akaokota msumari akaunyoosha kwa vidole. "Halafu mimi sikujua kama hujui. Tenga ni chombo tu, mdogo wangu, kama karai. Wewe ndiye uliyelifanya kipimo."

Akaongeza, kama mtu anayekumbuka tu, kwamba ule ubao mwembamba wa kwanza aliupiga nikiwa mwaka wa pili chuoni. Niliomba hela ya kompyuta. Oda ya tajiri ndiyo iliyoinunua.

Nilitoka pale nimechoka mwili mzima, lakini bado nilikuwa na kitu kimoja mkononi, nacho ni hesabu yangu. Mia tatu na sitini, mia tatu sitini na moja. Kinyungu kilikuwa kizima. Ningemweleza mama kwamba udongo haukuchoka, ningempigia magoti kwa maneno ya simu, na kesho yake ningekwenda kwa mwenyekiti tuitishe mkutano mwingine, tuweke mizani, nyanya ziuzwe kwa kilo. Asingekuwa na sababu ya kuuza. Nilitembea haraka kwenye ile njia ya nyumbani nikipanga maneno, karibu nikimbie.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharage. Nikamwamkia, nikapiga magoti kweli, nikamwomba msamaha kwa yale ya kwenye simu. Akaniambia niinuke, nitachafua sketi. Nikaanza kumweleza, visado, mbao, matenga, nikiongea kama niko mbele ya darasa. Yeye anachambua tu, mabovu huku, mazima kule.

"Kwa hiyo usiuze, mama. Udongo haujachoka."

"Najua haujachoka," akasema. "Kinyungu nimeshauza. Jumatatu."

Nikadhani sikusikia. Akarudia. Kachukua mtu wa Iringa mjini, mwenye pampu. Karatasi zimeandikwa kwa mtendaji, na shahidi upande wa familia alikuwa kaka. Kaka yangu nimekaa naye saa nzima kwenye gogo lake mchana ule, ananifundisha uchumi, na hakunitajia.

Nililia. Mwanamke wa umri wangu, nalia kama nimenyang'anywa kiazi. Nikamwambia nilikuomba unisubiri, mama, nilikuomba jambo moja tu. Mmenizunguka, wewe na kaka, mmenifanya mgeni kwenye nyumba ya baba yangu. Na kama ulijua kwamba udongo ni mzima, kwa nini miaka yote hii unasema umechoka?

Aliweka ungo chini. Akasema wanawake wote wa bondeni wanajua. Mtu anayejaza tenga kwa mikono yake hawezi kukosa kujua limekuwa na tumbo gani. Lakini wakikaa kisimani wanasema udongo, kwa sababu yake yeye. Wangesema tenga, wangekuwa wamemtaja mwanawe. Hakuna aliyetaka kumtajia mama mtu mwanawe usoni, na yeye alikubali heshima hiyo, akawa wa kwanza kusema udongo, ili wengine wapate pa kushika.

"Sikuchoka kulima," akasema. "Nimechoka kujaza."

"Ungeniambia mimi. Mimi si mtu wa kisimani. Ningesimama."

Hapo ndipo aliponitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho ya mama yangu yameanza kuingia ukungu pembeni, lakini yakikushika yamekushika.

"Nikuambie wewe?" akasema. "Tenga alipiga kaka yako. Alilileta mezani yeye, ukalipiga makofi wewe, tajiri akasimama akakusifu. Mimi nilinyanyua mkono kwa sababu nilinyanyulia wanangu. Nilidhani mmekubaliana."

Kuku walikuwa wanaparua maganda ya maharage karibu na miguu yetu. Nilihesabu haraka, sikutaka, akili yangu ilihesabu yenyewe: misimu mitatu. Misimu mitatu mama yangu amekuwa akiamini kwamba mimi na kaka tumekaa chini tukapanga kumwibia, na katika misimu hiyo mitatu amenitandikia kitanda kila nikija, amenisikiliza nikimfokea kuhusu mbolea, ameniuliza hali ya presha yangu. Ametuma tenga zima la nyanya kwa kipaimara cha mjukuu wake. Nilikuwa nimesafiri kutoka Mbeya nikiwa nimejibebea uchungu wangu wa kusalitiwa, na nilifika mahali ambapo msaliti alikuwa anajulikana zamani, na alikuwa mimi.

"Mama, sikujua," nikasema. "Haki ya Mungu, sikujua. Sikuliangalia hata lile tenga. Nilikuwa nalipiga tu."

Alinyanyua ungo wake akaupeta mara mbili, akaondoa jiwe.

"Haya, mwanangu," akasema.

Haya ile naijua, nimekua nayo. Ndiyo anayowapa wanunuzi wanapomwapia kwamba barabarani wamepata hasara.